Salamu za Krismasi kwa Wasomaji wa Moshi, Waliopo na Wanaopanda Mlimani

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na vijana wasomaji, habari za mwisho wa mwaka. Heri ya Krismasi kwenu nyote: mlioko Moshi mjini, mlioko Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ninyi mlio njiani kutoka Dar mnaorudi nyumbani "kuhesabiwa", kama utani unavyosema. Ndugu zetu Waislamu, ambao pilau la siku hiyo linawahusu kama la Idi linavyotuhusu sisi, salamu hizi ni zenu pia.

Desemba ni mwezi mgumu kwa msomaji. Nyumba imejaa, na ukijifungia chumbani na kitabu shangazi atatuma mtoto aje kuuliza unaumwa nini. Ndiyo maana riwaya nene nyingi hupandishwa mlimani na kushushwa alama ikiwa ukurasa ule ule. Watu hujilaumu kwa uvivu, lakini tatizo ni muda wenyewe, ambao wakati wa sikukuu hukatika vipande: nusu saa kati ya ibada na chakula, dakika ishirini kabla wageni hawajafika, kidogo usiku watoto wakishalala. Riwaya nene hutaka saa mbili tatu za mwanzo bila kukatizwa, mpaka umjue nani ni nani. Kwa Krismasi beba kitabu ambacho chenyewe kimegawanyika.

Hapo hakuna kinachofaa kuliko Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama ameshitakiwa, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anasimama peke yake. Anza tarehe 26, mjumbe mmoja kila jioni, na tarehe 31 umewamaliza wote. Tarehe 1 Januari ni siku aliyozaliwa mwandishi, mwaka 1909, kwa hiyo unaufungua mwaka ukiwa umempa heshima yake. Tahadhari moja: ukifika kwa mjumbe wa tatu au wa nne utaona hatima zao zinafanana na utatamani kuruka. Usiruke. Kule kufanana ndiko mashtaka ya Karama dhidi ya watawala wake. Nchi inayowalipa wema wote kwa malipo yale yale haihitaji wakili mwingine wa kuishitaki. Na kisomwe kwa sauti. Sentensi zake zina mizani, mjukuu akizisoma vizuri hata babu aliyekuwa anasinzia ataacha kusinzia.

Januari ndipo watu hujiwekea nadhiri za vitabu hamsini na mbili kwa mwaka. Kwa maoni yetu nadhiri hiyo ndiyo inayowafanya wengi waache kusoma kufikia Machi, kwa sababu inawasukuma kwenye vitabu vyembamba, kisha kitabu kimoja kizito kinaharibu hesabu yote. Kipimo cha msomaji ni wiki. Soma kurasa tano za kitabu ulicho nacho huku umetazama saa, ujue ukurasa mmoja unakuchukua muda gani. Ukiwa ni dakika mbili, kurasa ishirini ni dakika arobaini. Siku tano za namna hiyo ni kurasa mia, na kitabu cha kurasa mia tatu kinakwisha kwa wiki tatu bila kukimbizana. Siku mbili zinazobaki ni za akiba, kwa sababu msiba, harusi au kikao cha harusi hakikosi.

Kinachovunja wiki za wengi ni kulimbikiza kurasa zote mia Jumapili. Jumapili moja ikipotea zimepita wiki mbili, majina yamechanganyika, na unalazimika kurudi nyuma kurasa thelathini. Ukirudi nyuma mara ya pili, kitabu hicho umeshakiacha, ila hujajua tu. Dawa ni kipande cha karatasi kinachokaa ndani ya kitabu kama alama. Kabla ya kufunga, andika mambo matatu: nani yuko wapi, anataka nini, na jambo gani limeachwa likining'inia. Ni maneno kumi na tano tu. Pia acha kusoma katikati ya tukio badala ya mwisho wa sura. Mwisho wa sura hukupa ruhusa ya kupumzika siku nne.

Maoni yako kuhusu kitabu yaandike siku mbili au tatu baada ya kukimaliza, kwenye daftari: jina la kitabu, tarehe, sentensi moja ya mwandishi pamoja na namba ya ukurasa, na jambo moja ambalo hukubaliani naye. Maneno kama "kizuri sana" hayatakukumbusha chochote Juni.

Kwa anayetaka kitabu kimoja cha kumchukua mpaka mvua za masika, tunapendekeza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mzee huyu wa Ukerewe alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mwendo wake ni wa taratibu kwelikweli. Mume anakwenda ukweni kumkomboa mkewe, na safari, salamu, dawa na pombe ya ndizi vyote vinaelezwa kwa utulivu. Msomaji wa mjini huchoka hapo. Mchaga anayejua mbege inavyotaka ndizi ziive sawasawa, azisome kurasa hizo kwa jicho la fundi, ataona mengi ya kulinganisha. Kurasa sitini kwa wiki zinatosha, ukikiharakisha kitakukataa.

Sasa vitabu vyenyewe. Mlimani kuna unyevu, hasa nyumba ikiwa katikati ya migomba. Kabati likae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na vitabu visigusane na sakafu. Kikilowa, kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimetawanyika, uweke karatasi za tishu kila baada ya kurasa kumi na kuzibadilisha zikilowana. Juani karatasi hujikunja na gundi ya mgongo hupasuka. Juu ya dari la jikoni kitakauka, ndiyo, lakini utasoma mapenzi ya Paris yakinuka kuni.

Wakati wa kurudi Dar, buti la basi linajaa mikungu na maparachichi. Kitabu kisiingie huko: utomvu wa ndizi ukigusa karatasi unageuka doa jeusi lisilotoka. Kikae kwenye begi la mkononi. Kukisoma basi likiwa linakwenda ni suala la tumbo lako. Jicho linaona ukurasa umetulia wakati sikio la ndani linahisi kona za barabara, na kichefuchefu kinatokana na ugomvi huo. Ukianza kuhisi mate yanajaa, funga kitabu utazame mbali, milima ya Upare ipo.

Mwisho, mkiazimisha vitabu, andikeni kwenye daftari. Kitabu kilichoazimwa Krismasi hurudi Krismasi, kikirudi. Andika jina lako ndani ya jalada na tena kwa penseli kwenye ukurasa mmoja wa katikati unaoujua wewe. Wapwa wasikatazwe lakini, maana ada za Januari zikishalipwa hakuna atakayewanunulia kitabu cha hadithi mpaka Pasaka. Walioko karibu na maktaba ya mkoa, Moshi au Arusha, wapelekeni wakajiandikishe kabla shule hazijafunguliwa.

Wasalimieni wazee wote. Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya.