Mlikosea kuwacheka wanaosikiliza anga

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa baharini na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya wiki jana, ya wanasayansi wanaotafuta viumbe wenye akili huko kwenye nyota kwa kusikiliza mawimbi ya redio, imenitafutisha kalamu. Mwandishi wenu amepiga hesabu zake: tangu 1960 hawajasikia kitu, basi fedha zimetupwa. Nani kamwambia kusikiliza hupimwa hivyo?

Nilikuwa afisa wa redio melini miaka 22. Enzi zetu kila chumba cha redio kilikuwa na saa yenye vipande vyekundu usoni. Dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48, meli zote zilinyamaza kwenye masafa ya kilohezi 500, zikasikiliza kama kuna aliye taabuni. Usiku mmoja wa kusi, 1983, kusini mwa kisiwa cha Socotra, katika dakika hizo tatu nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu, chini ya mikwaruzo. Nahodha akasema nimechoka, nikalale. Nikakataa. Kimya kilichofuata nikausikia tena: SOS. Alfajiri tukapandisha watu 9 kutoka mashua ya uokozi. Kabla ya usiku ule nilikuwa nimesikiliza kimya kile maelfu ya mara nikaambulia patupu. Nilikuwa nikila mshahara wa bure? Frank Drake, mwanasayansi aliyeanza usikilizaji huu mwaka huo wa 1960 pale Green Bank, Marekani, alielekeza antena kwenye nyota mbili tu, Tau Ceti na Epsilon Eridani, kwenye megahezi 1420, masafa ambayo haidrojeni yenyewe hutoa mawimbi yake. Nyota mbili! Galaksi yetu ina zaidi ya bilioni 100. Na ishara ya redio ya sekunde 72 kutoka angani, iliyonaswa Ohio, Marekani, tarehe 15 Agosti 1977, mwandishi hakuigusa.

Wala hakuigusa Ngomeni, hapo Malindi tu, ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza eksirei za angani. Watoto wa Pwani watajuaje kuwa elimu hii ina mlango kwao?

Na hata tungepewa antena, Mombasa ingesikia nini? Kule Parkes, Australia, wataalamu wa darubini ya redio walisumbuliwa miaka mingi na ishara za ajabu. Mwaka 2015 ikabainika ni jiko la maikrowevu lililofunguliwa kabla halijazimika. Jiko! Hapa Kisauni chaja hafifu na taa za mapambo zinaikwaruza redio yangu ya masafa mafupi usiku kucha, na juu yake spika za matatu, hata adhana ya jirani siisikii vizuri.

Naomba hivi: kila Ijumaa, saa tatu kasorobo usiku, kwa dakika 3, chaja, taa za mapambo na spika zizimwe kuanzia Kongowea hadi Likoni, nanyi mchapishe saa hiyo ukurasa wa kwanza. Siku ya kwanza mtumeni mwandishi wenu kwangu. Redio ingali nzima, na vya kuvaa masikioni ninavyo jozi mbili.

Afisa wa redio mstaafu,
Kisauni, Mombasa