Mjomba, kuhusu hiyo "rais ni baba" yako

Shikamoo mjomba. Nakuandikia hadharani kwa sababu kule kwenye grupu la familia kila nikianza unatuma stika ya mzee ananyoosha kidole, mada inafia hapo. Hoja yako naijua kwa kichwa: rais ni baba, na baba haulizwi hela zimeenda wapi.

Sasa hiyo hoja ilishapigwa Uingereza karne ya 17 huko. Kulikuwa na bwana Robert Filmer, yeye alisema Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya wanawe na wafalme wameyarithi kutoka hapo, kwa hiyo mfalme baba, raia watoto, kitabu chake kikachapwa 1680 mwenyewe akiwa kaburini siku nyingi na watu wa mfalme wakakipenda kweli. Mwanafalsafa John Locke ndo akamjibu, Two Treatises of Government, yaani vitabu viwili kuhusu serikali ndani ya kimoja, kilitoka 1689 ingawa mbele kimeandikwa 1690, na jina lake hakuweka, alikuja kukiri kwenye wosia mwaka aliokufa, 1704. Usimwite mwoga, Algernon Sidney, mpinzani wa mfalme, alikatwa kichwa 1683, na maandishi yake ya kumpinga huyohuyo Filmer yalitumika mahakamani kama ushahidi.

Kile cha kwanza cha Locke kinachosha jamani, ni Adamu mwanzo mwisho, ila kuna mahali nilicheka. Locke anamuuliza Filmer, unanukuu waheshimu baba, mama umempeleka wapi? Amri inasema baba NA mama. Kama uzazi unaleta ufalme basi kila nyumba ina wafalme wawili (kwenu tunajua nani angeshinda). Halafu cha pili, sura ya 6, anasema mamlaka ya mzazi ni ya muda tu, mtoto akishapata akili ya kujiongoza yanaisha, inabaki heshima. Mimi nakuamkia mpaka leo, ila huwezi kuuza kiwanja changu bila kuniuliza, si ndiyo? Mtawala kapewa amana, akiiharibu inarudi kwa wenyewe.

Najua utasema, sasa akiwa baba mzuri shida iko wapi. Sura ya 14 hiyo, ndo iliyonikaa kichwani kuliko zote: anasema tawala za wafalme wema ndo zimekuwa hatari zaidi kwa uhuru wa watu, maana mwema anaachiwa avuke sheria kwa faida ya wote, anayekuja baada yake anakuta njia imeshachongwa anapita nayo kwa faida yake, ukimuuliza anakwambia mbona fulani alifanya na mlipiga makofi.

Wala sikuletei mtume. Locke alikuwa na hisa Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika, na akiwa katibu wa mabwana wenye koloni la Carolina huko Amerika alikuwa na mkono kwenye katiba yao ya 1669 iliyompa bwana mamlaka yote juu ya mtumwa wake. Hilo utalidaka la kwanza nakujua, lidake tu, ila uniambie kama linamfanya Filmer awe sahihi.