Geji Imeshuka Usiku, Gesi Haijaibiwa: Maelezo kwa Wenye Malori Wanaohama Kutoka Dizeli

Karakana yetu hufunga malori mifumo ya gesi jadidifu, yaani methani inayotokana na taka, iliyosafishwa na kugandamizwa kwenye mitungi. Mwezi huu wateja watatu wametuletea lalamiko lilelile, kwamba gesi inapungua lori likiwa limesimama, na wa tatu alifika karakanani ameshika simu yenye picha mbili. Ya kwanza ilipigwa kituoni saa nne usiku, geji ya presha ya mitungi inasoma bar 200 (bar ni kipimo cha presha). Ya pili ilipigwa alfajiri kabla dereva hajawasha injini, inasoma 170. Lori halikusogea hata mita moja. "Ama mmenifungia mitungi inayovuja," akasema, "ama kituo kinaniuzia hewa." Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kuuliza, maana fedha iliyolala kwenye mitungi ile si ndogo.

Tulipaka povu la sabuni kwenye kila maungio, tukapitisha kifaa cha kunusa methani toka valvu ya kujazia hadi regyuleta, kifaa kinachopunguza presha kabla gesi haijaingia kwenye injini. Hakuna kilichovuja. Kilichotokea ni joto. Gesi inapoingia kwa kasi inaigandamiza ile iliyotangulia mtungini, na gesi ikigandamizwa hupata moto. Gesi yenye moto husukuma zaidi, kwa hiyo geji inafika kikomo na pampu inakata kabla kilo zinazostahili hazijaingia. Usiku mtungi unapoa, presha inashuka, na kilo zinabaki zilezile. Mitungi ya plastiki iliyovingirishwa nyuzi za kaboni hukaa na joto muda mrefu kuliko ya chuma, kwa hiyo wenye mitungi myepesi ndio wanaoona tofauti kubwa.

Kwa hiyo usisome bar ukadhani unasoma mafuta. Gesi huuzwa kwa kilo. Risiti ya kituo ina kilo, na hiyo ndiyo karatasi ya kumdai dereva. Malori yanayorudi yadini kila jioni yajazwe polepole usiku kucha kwa kompresa ndogo, maana joto linapata muda wa kutoka na mtungi unajaa kwelikweli. Lori linalojazwa kwa dakika kumi barabarani lihesabiwe kwamba limeondoka na pungufu ya asilimia kumi hadi ishirini, na siku ya jua kali pungufu hilo huongezeka.

Hesabu yenyewe nitaiweka hapa, maana ndiyo tunayoifanya na kila mteja, na ndiyo wengi hawataki kuisikia. Chukua lori la mzigo mzito linalokula lita 35 za dizeli kwa kilomita 100. Kilo moja ya gesi ina nishati ya lita moja na theluthi ya dizeli hivi, lakini injini ya gesi inayowashwa kwa plagi haigandamizi hewa silindani (ndio ubanaji) kwa nguvu kama injini ya dizeli, kwa hiyo inapoteza kidogo. Lori hilohilo litakula kama kilo 28 kwa kilomita 100. Ukilifunga mitungi yenye ujazo wa lita 1,000, kwa bar 200 gesi ikiwa imepoa unapata kama kilo 160, yaani kilomita 570. Ukijaza haraka toa asilimia 15, zimebaki 136. Kisha toa kilo kama 12 za mwisho ambazo presha yake ni ndogo mno kulisha injini inapopanda mlima na mzigo. Umebaki na kilomita 440 na ushei. Anayekupigia hesabu ya 570 hajakudanganya kwenye namba, ila hajawahi kusubiri simu ya dereva aliyezimikiwa.

Mteja akishaona hesabu hiyo hutuuliza kwa nini asiongeze mitungi ya bei nafuu. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Kuna mteja wa zamani, mwenye malori manane, alitukuta na bei yetu akaona tumezidisha. Alikuwa amepata mitungi iliyotolewa kwenye mabasi yaliyochakaa, akataka tuifunge sisi, yeye alipie kazi tu. Tukakataa. Alikwenda kwa fundi mwingine, akafungiwa. Baada ya miezi michache alitaka kubadilisha bima, bima ikadai ukaguzi wa mitungi, na mkaguzi akaikataa yote. Tarehe ya mwisho wa matumizi, inayoandikwa kwenye lebo ya kila mtungi, ilikuwa imepita. Mitungi mitatu ilikuwa na mikato ya kina pale mkanda wa chuma ulipokuwa unasugua, kwa sababu mpira wa kulalia haukuwekwa. Akanunua mitungi mipya, fremu mpya, akalipa ufundi mara ya pili, na malori yakasimama wiki kadhaa huku mikataba ya mizigo ikiendelea kumdai.

Mtungi wa gesi hauna "bado unaonekana mzima". Hutengenezwa kwa umri maalumu, mara nyingi miaka 15, 20 au 25, na ukifika mwisho unatobolewa usitumike tena. Kuna aina nne: wa chuma kitupu, wa chuma uliovingirishwa nyuzi kiunoni, wa alumini uliovingirishwa mwili mzima, na wa plastiki uliovingirishwa nyuzi za kaboni. Hauchomelewi. Haupakwi rangi kuficha mikwaruzo. Maji ya betri au dawa kali ya kuoshea rimu yakidondokea nyuzi zile huzila taratibu, na kwa macho ya kawaida huoni kitu. Kila mtungi una kifaa cha usalama kinachofunguka joto likikaribia nyuzi 110 za Selsiasi, ili wakati wa moto gesi itoke juu kwa njia yake badala ya mtungi kupasuka. Mitungi ile ya basi, viwili kati ya vifaa hivyo vilikuwa vimezibwa kwa silikoni, labda na mtu aliyechoka kuona unyevu ukiingia. Ningekubali kazi ile, leo ningekuwa nalala vibaya.

Sasa injini. Methani haijiwashi kwa ubanaji kama dizeli; inahitaji joto la kama nyuzi 540 ili ishike moto yenyewe, wakati dizeli inashika kwenye nyuzi 250 au chini. Kwa hiyo kuna njia tatu tu. Ununue lori lililotoka kiwandani na injini ya gesi, kama Scania na Iveco wanavyouza Ulaya, au zile zenye injini ya Cummins X15N ya lita 15 iliyoingia sokoni Amerika Kaskazini mwaka 2024. Ugeuze injini yako: nozeli zitoke, plagi na koili ziingie, pistoni zibadilishwe ili kupunguza ubanaji. Au ubaki na mfumo mseto ambao dizeli kidogo hutangulia kuwasha gesi. Njia ya kwanza ni ghali mwanzoni na ndiyo tunayomshauri mwenye lori lililokaribia kustaafu. Wengi wanakuja na wazo la kinyume: injini imechoka, inakula oili, basi tuigeuze ya gesi ipumzike. Gesi haipumzishi injini. Huwaka kavu, haina ulainishaji wa dizeli, na siti za valvu zilizolegea zitazidi kuliwa. Ndiyo maana tunapima kompresheni ya kila silinda kabla ya kugusa boliti, na kipimo hicho tunakitoza. Silinda mbili zikiwa chini, tunakuambia ufanye ovaholi kwanza au uache.

Oili nayo. Meneja mmoja wa malori alikuwa na mapipa sita ya oili ya dizeli yaliyobaki stoo, akaona ni uharibifu kuyaacha. Aliyatumia kwenye injini zake mpya za gesi bila kutuambia. Oili ya dizeli ina viambata vingi vinavyoacha majivu, kwa sababu kazi yake ni kupambana na masizi. Injini ya gesi haina masizi ya kupambana nayo. Majivu yale yanaganda juu ya pistoni na kwenye valvu, yanageuka makaa yanayowasha gesi kabla plagi haijatoa cheche. Injini ikaanza kugonga mlimani. Tulifungua silinda hedi mbili, na gharama yake ingemnunulia oili sahihi, ile ya majivu machache, kwa muda mrefu sana. Nilimwonyesha pistoni zenyewe mezani. Hakubisha.

Kilichobaki kwenye sevisi ni kidogo lakini hakisameheki: plagi zibadilishwe kwa saa za injini kama kitabu kinavyosema, nafasi za valvu zipimwe, na chujio la gesi limwagwe kila siku maana kompresa za vituo hutupa oili ndani ya gesi. Kwa upande mwingine, injini nyingi za namna hii hazina chujio la masizi wala tangi la AdBlue, ile dawa ya kusafishia moshi wa dizeli. Wanaotukumbusha bei ya plagi husahau walivyokuwa wakilia na hivyo viwili.

Nije kwenye neno "jadidifu", maana nalo limeleta ugomvi. Gesi hii ni methani iliyotoka kwenye kinyesi cha mifugo, majitaka, mabaki ya chakula au dampo. Ikitoka huko inaitwa bayogesi, na kwa kawaida methani ni nusu au zaidi kidogo; iliyobaki kubwa ni kaboni dayoksaidi, pamoja na unyevu, salfidi ya haidrojeni inayonuka yai bovu, na kwenye gesi ya dampo siloksani, ambazo hutoka kwenye vipodozi na sabuni tunazotupa. Ikishasafishwa hadi methani ifike asilimia 95 au zaidi ndipo inakuwa gesi ya kutia kwenye lori, na hapo injini haiwezi kuitofautisha na gesi asilia ya ardhini.

Mfugaji mmoja mwenye malori ya maziwa alitaka kuruka hatua hiyo. Ana mtambo wa bayogesi, anapikia na kuwashia jenereta, kwa nini asikandamize ileile atie kwenye lori? Tulimkatalia kuunganisha, akanunua kompresa kivyake. Salfidi ile pamoja na unyevu ni tindikali: ilikula mabomba, regyuleta na kuta za mitungi ya chuma kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Mitungi yote ilitupwa. Gesi ya dampo isiyosafishwa ina balaa jingine: siloksani ikiungua huwa mchanga laini wa silika, nayo hukwama kwenye plagi na sensa. Mtambo wa kusafisha una bei, ndiyo. Ununue pamoja na majirani zako au uuze bayogesi kwa mwenye mtambo.

Halafu yupo anayesema: mnatuuzia gesi ya taka, lakini inatoka bomba lilelile la gesi ya ardhini, huu si wizi? Fikiria ghala la pamoja. Mkulima anapeleka gunia lake, anapewa stakabadhi, na mwenye stakabadhi anachukua gunia lolote la daraja hilo. Gesi inaingizwa bombani na mzalishaji, inapimwa, na kiasi hichohicho kinatolewa upande wa pili kwa aliyeinunua. Kinachothibitisha ni hesabu na vyeti, kwa hiyo dai cheti chako, na angalia kwamba kilo zilizoandikwa zinalingana na risiti zako. Muuzaji asiyeweza kukionyesha, usimlipe bei ya jadidifu.

Na kama unainunua kwa ajili ya hali ya hewa, usiendeshe lori linalovuja. Methani ikitoka bila kuungua hupasha dunia joto mara 28 hivi ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Maungio moja yaliyolegea kwa mwaka mzima yanafuta sehemu ya kile ulicholipia. Hatumrudishii mteja gari lenye mvujo, hata awe na haraka gani.

Bei yetu inalalamikiwa, nami nitaitetea. Methani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kukaa darini, kwa hiyo karakana yetu ina feni na vifaa vya kunusa gesi juu kabisa, na taa zisizotoa cheche. Hakuna mtu anayechomelea fremu ya lori kabla valvu za mitungi hazijafungwa na gesi iliyomo kwenye mabomba kutolewa. Mafundi wa mitungi wana vyeti na wanarudi darasani. Fundi wa chini ya mti hana gharama hizo, na ndiyo maana ni nafuu.

Ukija, njoo na daftari la safari la miezi mitatu: kilomita, lita za dizeli, uzito wa mizigo, na mahali kila gari linapolala. Bila hilo hatutaji bei. Yule mwenye picha za geji alituletea lake wiki iliyopita, ana malori saba. Manne sasa yanajazwa polepole yakiwa yadini. Mawili ya safari ndefu tumeyaongezea mtungi mmoja mmoja, kwa gharama yake na kwa ridhaa yake. La saba tumemshauri aliache kwenye dizeli, kwa sababu njia yake nzima haina kituo.