Barua kwa Somoe kuhusu kidole laini kinachohisi

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tu wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Mama anauliza utakuja lini, maana mabibo yameanza kuiva na anasema huko Dar hamjui mnachokosa.

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia kwamba mwalimu wako amekubali mradi wa mkono wa roboti wa kubangulia korosho. Umeniambia kamera umeshazipanga, programu ya kutambua picha unayo, na limebaki swali moja tu la mtu wa kemia: vidole viwe vya mpira gani? Shoga, hilo ulilolibakisha mwisho ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Kidole si kishikio tu cha kuamriwa na kamera. Kidole chenyewe ndicho kinachotakiwa kuhisi, na kuhisi huko ni kazi ya kemia tangu mwanzo.

Msimu umeanza, na kina mama wa mtaa wetu wanabangua kila siku. Juzi nilikaa nao nikiwa na barua yako kichwani, nikawatazama mikono. Mbanguaji anaokota korosho, anaizungusha mpaka mshono wa ganda ukae anapotaka, anagonga, ganda linaachia na kokwa inatoka nzima. Wakati wote huo macho yako kwa mwenzake anayemsimulia habari. Vidole ndivyo vinavyomwambia kwamba hii imekauka sawasawa, ile bado ina unyevu, hii ganda lake jembamba, punguza nguvu. Korosho nzima ina bei yake, ikishavunjika vipande bei inashuka. Kwa hiyo fedha yote ya kazi ile imekaa kwenye ncha za vidole.

Na vidole hivyohivyo ndivyo vinavyoungua. Unaijua mikono ya mama zetu, sina haja ya kukueleza. Mafuta ya ganda sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi, pamoja na kadoli na kadanoli. Zote ni jamii ya fenoli zenye mkia mrefu wa kaboni, na mkia huo unapenda mafuta, ndiyo maana zinaingia kwenye ngozi kwa urahisi namna ile. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na utomvu wa embe unaobabua midomo ya watoto ni wa tabia hiyohiyo. Wanapaka majivu, wanapaka mafuta, na bado ngozi inatoka. Glavu nene zinawakinga lakini zinawanyima kuhisi, basi wanazivua. Hapo ndipo penye mradi wako, Somoe.

Sasa fikiria kidole cha mama kinahisi vipi. Mwaka 2010 maabara ya Ardem Patapoutian huko California ilizitambua protini zinazoitwa PIEZO, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Mojawapo, PIEZO2, imekaa kwenye utando wa neva za ngozi. Ngozi ikibonyezwa, utando unavutika, protini inafunguka katikati kama mlango, na ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, hapa chanya, sodiamu na kalsiamu zikiwemo, zinaingia ndani ya neva. Mkondo huo mdogo ndio mwanzo wa kuhisi kila tunachokigusa. Yaani mguso unaanza na chumvi inayotembea ndani ya maji. Nilipolielewa jambo hilo sikulala mapema, nikawa najibonyeza kidole na kufikiria.

Roboti laini nazo zilianza mikononi mwa wanakemia. George Whitesides wa Harvard ni mwanakemia, na mwaka 2011 kundi lake lilionyesha mkono wa mpira wa silikoni wenye vyumba vya hewa ndani. Ukiupuliza unajikunja, na uliweza kuinua yai bichi bila kulivunja. Hauna mfupa wala injini kwenye vidole. Lakini mkono ule haukujua kama umeshika yai au umeshika hewa. Ulaini uliupata, kuhisi bado.

Ukitaka kuuwekea waya wa shaba ndani, utakwama, kwa sababu silikoni inavutika na shaba haivutiki hivyo, itakatika. Mwaka 2014 Jeong-Yun Sun, Christoph Keplinger, Zhigang Suo na Whitesides huyohuyo walitoa jibu ambalo naliona zuri kuliko yote: walitumia jeli ya maji yenye chumvi ya kawaida, sodiamu kloraidi. Ni matabaka mawili ya jeli, na katikati yake mpira mwembamba usiopitisha umeme. Ukibonyeza, mpira wa katikati unazidi kuwa mwembamba, matabaka yanasogeleana, na kiasi cha chaji kinachotunzwa kinaongezeka. Ongezeko hilo unalisoma, unajua umebonyezwa kiasi gani. Anayebeba umeme ndani ya jeli ni ayoni, kama kwenye neva, na jeli inavutika pamoja na kidole bila kukatika. Waliiita ngozi ya ayoni.

Shoga, chumvi tunayo. Lindi wanaanika maji ya bahari kwenye mabwawa na kukusanya chumvi kwa magunia. Jeli nayo tunayo, maana mwani wa kotonii wanaoulima kina mama wa pwani una kigandishi kiitwacho karajini, na karajini ikikutana na ayoni za potasiamu inaganda vizuri. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha nne kazi hiyo: wakachemsha mwani, wakachuja kwa kitambaa, wakatia potasiamu kloraidi ya maabara, ikaganda. Tukachomeka waya mbili, tukabonyeza, namba kwenye mita ikabadilika. Natamani ungewaona nyuso zao. Kijana mmoja alirudia kuibonyeza mpaka kengele ikalia.

Jeli hiyo peke yake haitakufaa kwenye mkono, inapasuka upesi ikivutwa. Wanakemia huichanganya na poliakrilamaidi, polima mbili, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, zikasokotana, moja inakubali kukatika ili nyingine isikatike. Ukiamua njia hiyo, akrilamaidi, ambayo ndiyo inayoungana kuwa poliakrilamaidi, kabla haijaungana ni sumu ya neva, kwa hiyo uipime ukiwa na glavu na chini ya mwalimu wako, si chumbani kwako. Na usipime kwa mita ya kawaida kama nilivyofanya darasani. Mita hiyo inapeleka umeme upande mmoja, ayoni zinarundikana kwenye ncha za waya na namba inatambaa yenyewe hata kama hakuna aliyegusa. Tumia mkondo geu, wa hezi 1000 hivi, ayoni ziende na kurudi.

Tatizo kubwa la jeli ya maji ni kukauka, na jua la Mtwara unalijua. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kubadili chumvi: lithiamu kloraidi inang'ang'ania maji kuliko sodiamu kloraidi, na kundi la Suo lilionyesha kwamba jeli yake inabaki na unyevu hata hewani. Ya pili ni kuacha maji kabisa na kutumia chumvi ambayo ni kimiminika kwenye joto la kawaida. Mwaka 2018 Ryan Truby na Jennifer Lewis wa Harvard walichapa kimiminika cha aina hiyo moja kwa moja ndani ya silikoni ya kidole, kidole kikawa kinahisi kujikunja kwake, kinahisi kuguswa, na kinahisi joto. Njia ya pili ni ghali zaidi. Mimi ningeanza na ya kwanza.

Halafu kuna mambo mawili ya silikoni ambayo yatakupotezea wiki nzima usipoyajua. Jeli ya maji haishikani na silikoni, inateleza na kubanduka. Hyunwoo Yuk na Xuanhe Zhao wa MIT mwaka 2016 walipaka kemikali iitwayo benzofenoni juu ya mpira, wakamulika kwa mwanga wa urujuanimno, jeli ikaungana na mpira kikemia. Jambo la pili linatuhusu sisi wa kusini hasa: silikoni inayogandishwa na platini hukataa kuganda ikiguswa na salfa. Inabaki inanata milele. Kwa hiyo usiichanganye ukiwa umevaa glavu za mpira wa kawaida, na ukija kufanya majaribio huku, usiiweke karibu na stoo yoyote yenye salfa ya kupulizia mikorosho. Na kabla hujajenga kitu, loweka kipande cha silikoni kwenye mafuta ya ganda, ukipime kabla na baada. Silikoni hunywa vimiminika vya jamii ya mafuta na kuvimba, na kidole kilichovimba kitakudanganya vipimo.

Kuna jingine nataka ulifikirie hata kama halitaingia kwenye mradi wa mwaka huu. Pweza akipapasa ndani ya pango la mwamba, hagusi tu, anaonja. Mwaka 2020 kundi la Nicholas Bellono huko Harvard lilionyesha kwamba vikombe vya mikono yake vina vipokezi vinavyotambua molekuli zisizoyeyuka vizuri kwenye maji, kwa kuzigusa. Na mwaka 2019 kundi la Cheemeng Tan wa Chuo Kikuu cha California, Davis na Carmel Majidi wa Carnegie Mellon lilikuwa limeshatengeneza kidole laini chenye bakteria ndani yake, waliorekebishwa ili wang'ae wakikutana na kemikali fulani ndani ya maji. Roboti iliusoma mng'ao huo na kuamua itue mzigo au isitue.

Kokwa iliyopakwa mafuta ya ganda imeharibika, na jicho halioni kila mara. Kidole kinachoonja kingeitenga. Huhitaji bakteria kwa kuanzia. Fenoli nyingi hutoa rangi ya zambarau zikikutana na feri kloraidi, jaribio ambalo wewe na mimi tulilifanya kidato cha tano. Weka kiraka kidogo kwenye ncha ya kidole kimoja, uone kama rangi inatokea mafuta yakigusa. Chupa ya feri kloraidi naweza kukuombea shuleni.

Kuhusu kina mama, usiruhusu mtu akuambie mashine yako inakuja kuwanyang'anya kazi. Korosho zetu nyingi zinasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, kazi imeshaondoka pamoja na magunia. Ninachotaka kwako ni mkono unaoshika korosho chini ya kisu na kupokea mafuta, mama akiwa amekaa anauongoza na kupanga daraja za kokwa kwa vidole vyake visivyoungua. Kwa hiyo kabla hujachora chochote, njoo upime wanabonyeza kwa nguvu kiasi gani. Mama zetu wako tayari kukaa na wewe, nimeshawauliza, na mmoja amesema ukichelewa msimu utakwisha.

Njoo na silikoni ya kutosha vidole vitatu, kikombe cha kupimia, na kama utaipata, lithiamu kloraidi hata gramu chache. Mwani, chumvi na maabara ya Jumamosi viko kwangu. Nijibu upesi nimwambie mkuu wa shule.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mikindani