Kaka, babu hakutupiga fiksi

Kaka shikamoo. Namba yangu umeiblok toka ile arobaini ya babu, ndo maana naandika huku, wakisoma na wengine sawa tu.

Ujue we ndo ulinifundisha kupiga kasia pale Salale, huku delta ya Rufiji, na siku samaki taa aliponichoma mguu ulinibeba mgongoni mpaka nyumbani, hilo silisahau. Ila na ile siku chini ya turubai siisahau. Watu wanakula, mzee mmoja akaikumbushia ile stori ya babu, ya mzungu aliyeanguka na ndege mtoni huku bado anapiga simu, we ukadakia "simu gani 1915, babu alikuwa anatupiga fiksi," watu wakacheka. Bibi akainuka akaingia ndani, pilau akaiacha vilevile.

Sasa sikia. Tarehe 11 Julai 1915, vita ya kwanza ya dunia, rubani Mwingereza Cull na mwenzie Arnold waliruka kutoka Mafia. Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani, imejichimbia humo kwenye delta, mikoko imeiziba, meli za Waingereza Severn na Mersey zinapiga mizinga bila hata kuiona, kwa hiyo walioko juu ndo wanawaambia kombora limeangukia wapi, songesha mbele, rudisha nyuma, kwa redio ya kugonga Morse, ile ya herufi kwa milio mifupi na mirefu. Ndege ikapigwa, injini ikafa, wanashuka, na Arnold bado anatuma tu, anatuma mpaka wanaingia majini karibu na Mersey! Cull akanasa kwenye ndege, karibu azame, Arnold ndo akamchomoa. Na Königsberg ikaishia siku hiyo hiyo.

Babu aliita simu kwa sababu baba yake, aliyekuwepo, aliita simu. Ulitaka aiiteje?

We ni mkubwa kaka, una watoto, jambo usilolijua uliza kwanza ndo ucheke. Na mi najua utasema nilikutukana mbele ya wakwe zako, kweli nilikutukana, tena vibaya, lakini we hukuwa mlangoni, mi ndo nilikuwa namsikia bibi analia humo ndani, ningefanyaje? Nilitukana kwa ajili yake, hata leo sioni ningenyamazaje.

Macho yake yamefifia sana sa hivi. Kila boti ikifika anauliza kama umo. Kasia la babu kalipandisha darini, mi mwenyewe kanikataza kuligusa, anasema lina mwenyewe.