Wifi, mlingoti mtupu haukuwa dharau

Wifi yangu,

Neno lako limenifikia: eti msibani sikuonekana mkekani, macho makavu, kama Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokufa Diana, aliyekuwa mke wa mwanawe Charles, asishushe hata bendera. Huyo Malkia hukumtendea haki.

Diana alifariki Paris alfajiri ya Jumapili, 31 Agosti 1997. Malkia alikuwa Balmoral, Scotland, na wajukuu wake, watoto wa Diana, William wa miaka 15 na Harry wa 12. Huko London mlingoti wa Buckingham, jumba lake la kifalme, ulikuwa mtupu, na watu wakaona wamedharauliwa. Lakini bendera ya kifalme hupandishwa pale alipo mtawala tu. Na haiwekwi nusu mlingoti hata yeye akifa, kwa sababu kiti cha enzi hakikai wazi: George VI alipofariki Februari 1952, bintiye alikuwa malkia papo hapo, akiwa hapa kwetu Kenya, habari yenyewe haijamfikia. Bendera ya taifa nayo haikuwa na desturi ya kupanda pale. Sasa wangeshusha ipi?

Walichokosea ni kuchelewa. Mpaka Ijumaa ndipo Malkia alipozungumza mubashara, umati ukionekana dirishani nyuma yake, akasema anaongea kama malkia na kama bibi. Jumamosi alipotoka kwenda mazikoni, ya kifalme ikateremshwa, ya taifa ikawekwa nusu mlingoti. Kazi hiyo ina adabu yake: bendera hufikishwa kwanza hadi ncha, kisha hushushwa angalau kimo chake yenyewe. Ukiipunguza kidogo tu, wa mbali atadhani kamba imelegea. Kuiondoa pia, huirudishi chini mpaka ifike juu kwanza.

Wewe umeshikilia bendera. Mimi nisichosamehe ni wale watoto kutembezwa nyuma ya jeneza hadi kanisa la Westminster Abbey, Harry katikati ya baba yake na mjomba wake, dunia nzima ikimkodolea macho, na juu ya jeneza kadi yake kwa mama yake. Mtoto wa miaka 12, wifi! Bibi yao alikuwa amewakalisha mbali na kamera wiki ile, na hicho ndicho kilichoitwa ukavu wa moyo.

Kwa hiyo, nakupenda na nakuambia: ukimkosa mtu mkekani kwenye kilio, uliza kwanza nani yuko na watoto. Wako walikula, wakaoga, wakalala. Wewe ulikuwa unapokea pole, na ilikuwa haki yako.

Kwenye arobaini nitakuja. Usinitafutie nafasi mbele, niachie watoto.