Jua haliwaki sawa makala

Bwana mhariri, salamu toka Bukavu. Juzi mtoto wangu ametoka masomoni na kaye yake, wamemwandikisha eti jua linawaka sawa makala ya mbabula, na hiyo imeniuma kweli juu si vile. Pale katikati ya jua, joto karibu digrii milioni 15, viini (mioyo ya atomu) vya gazi ya hidrojeni vinaungana vinakuwa gazi ingine, heli, tani kama milioni 600 kila segonde, na tani 4 milioni hivi zinageuka nguvu, ndiyo huu mwanga tunaanikia nguo.

Basi, ili mtoto ajionee mwenyewe kama kuko hidrojeni kwenye jua, tukachukua karto ya viatu, tukakata mwanya mwembamba na wembe, tukatia CD ya zamani ndani, juu inatawanya mwanga kwa rangi zake, tukaelekeza kwa mawingu meupe juu ya ziwa (jua lenyewe usiliangalie hata kidogo!). Mtoto akaona rangi zote, halafu akasema papa, kuko vimistari vyeusi. Ni atomu za gazi ya inje ya jua zimemeza rangi zao, kila aina na rangi zake. Hidrojeni ikipitishwa umeme inatoa wekundu wa nanomita 656 (nanomita ni kipimo kidogo sana cha urefu wa mawimbi ya mwanga, kila rangi na namba yake), na kwa mwanga wa jua, palepale kwenye 656, kuko mstari mweusi wa hidrojeni ileile.

Naomba gazeti liwape walimu ukurasa wa mambo haya, hata mara moja kwa mwezi.

Mzazi, Kadutu